Kwamboka, Sheria Iliyokukalisha Chini Haipo Tena

Mwanangu Kwamboka, uliye pia mama yangu kwa jina,

Natumaini huko Naivasha maua hayajakumaliza mikono. Sisi huku Roret ni wazima, isipokuwa mimi nina hasira. Nimelala nayo na nimeamka nayo tangu Jumatatu, hata chai nainywa bila kuisikia utamu. Nimeona afadhali niiandike, kwa sababu kwa simu utanikata. Nikigusa tu mambo ya shule unasema, "Mama, network inapotea," na mimi najua hiyo network haijaenda mahali popote.

Barua hii nimeiacha wazi, asome anayetaka. Mama Chebet, yule ninayemchunia majani ya chai siku hizi, ameshaisoma na amenirudishia akijifuta macho na ncha ya leso. Usinikasirikie. Wewe ulinyamazishwa mbele ya watu, chini ya hema, maiki ikiwa imewashwa. Sioni ni kwa nini mimi nikutetee kwa kunong'ona.

Unakumbuka chumba chetu kule kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya chai, ile nyumba ambayo mvua ikipiga bati tulikuwa tunaongea kwa mikono? Ukutani, upande wa kitanda chako, uliandika sheria za Kiingereza kwa chaki. Usianze sentensi na And. Usianze na But. Usianze na Because. Usimalizie sentensi na neno dogo kama of au to. Uliniambia maana yake moja baada ya nyingine, na mimi, niliyefika darasa la nne nikaitwa nyumbani kulea ndugu zangu, nilizishika zote. Kiingereza chenyewe sikukijua zaidi ya kusalimia. Lakini sheria zake nilikuwa nazo kichwani kama namba ya kadi ya kliniki.

Nilikuwa nazitaja nikichuna. Mkono unaenda, mdomo unaenda. Msimamizi alisimama siku moja kwenye mstari wangu akaniuliza, "Mama Kwamboka, unaomba?"

Nikamwambia, "Ndiyo. Namwombea mtoto asianze na And."

Wanawake walicheka mpaka mwingine akaweka kikapu chini.

Na jioni nikipika, wewe ukijisomea, nilikuwa nakutegea sikio. Nikisikia tu, nasimamisha mwiko.

"Kwamboka."

"Nini tena, Mama?"

"Umeanza na And."

"Mama, kwani unajua nimesema nini?"

"Sijui. Lakini umeanza na And."

Tulikuwa tunacheka sana. Leo nikikumbuka sicheki. Nafikiri jinsi walivyotufanyia. Lugha yao hawakunipa, walinipa makatazo yake peke yake, kama mtu aliyesimamishwa mlangoni pa nyumba ya mwingine akaambiwa pale usikanyage, hapa usiguse, dirisha lile usiegemee, halafu mlango ukafungwa akiwa bado nje.

Sasa nirudi kwenye siku ile. Najua hupendi. Vumilia, nimeivumilia mimi pia.

Ilikuwa siku ya wazazi, na wewe ndiye uliyechaguliwa kuwashukuru wageni kwa Kiingereza. Sisi tulikuja moja kwa moja kutoka mashambani, aproni za plastiki bado viunoni, tukasimama nyuma kabisa kwa sababu viti vilikuwa vya mbele. Nilikuwa nimekununulia shada lile la karatasi za kung'aa, la rangi ya dhahabu, ambalo mtoto akifanya vizuri mzazi anatoka mbio na kumvika shingoni watu wakiimba. Nililificha ndani ya aproni lisilowe. Lilikuwa linanichoma kifuani na mimi nilikuwa nafurahia kuchomwa.

Ulisoma karatasi ambayo mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameipitia. Ulimshukuru mgeni wa heshima, ukashukuru kampuni, ukashukuru walimu na kamati. Sauti yako ilifika mpaka kule nyuma. Karatasi ikaisha. Mimi niliiona ikiisha, uliikunja. Halafu uliinua macho ukatuona, na ukasema jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi. Ulisema And, halafu ukasema our mothers.

Hilo neno mothers, akina mama, nalijua, Kwamboka. Kila mwanamke pale nyuma alilijua. Kabla hujaendelea, mwalimu akakufikia, akachukua maiki, akasema maneno kwa Kiingereza. Watu wa viti vya mbele wakacheka. Sisi tulifikiri ni furaha. Tulifikiri mwalimu anakusifu kwa kutukumbuka. Wanawake wa Kipsigis wakaanza kushukuru, "kongoi, kongoi," wa kwetu Kisii wakapiga vigelegele, na mimi nikachomoka.

Nilikimbia katikati ya viti vya wageni na gambuti zangu za matope. Nikakuvika shada. Nikakukumbatia. Nikacheza kidogo, si unajua mimi. Watu wa mbele wakacheka zaidi, na mimi nikacheza zaidi kwa sababu walikuwa wanacheka. Wewe ulikuwa umesimama kama mti wa stima. Niliona machozi nikafikiri ni ya kawaida ya mtoto aliyesifiwa.

Ni nyumbani, nikimenya viazi, uliponiambia. Ulisema polepole, bila kuniangalia. "Mama, hakuwa ananisifu. Aliuliza ni nani amenifundisha kuanza sentensi na And. Aliniambia nikae chini."

Nikakuambia, "Na mimi nilikuja kukuvika."

"Ulikuja kunivika."

Ulilitoa shada ukaliweka juu ya meza, ukachukua kitambaa chenye maji ukafuta ukuta wote. Sheria zote. Nilifikiri umezikasirikia. Baadaye nilielewa kwamba ulikuwa umeachana na lugha yenyewe. Kutoka siku ile hukuinua tena mkono darasani. Ulisoma sekondari mpaka mwisho, ukapita vizuri kwenye karatasi za mtihani, kwa sababu karatasi haichukui maiki. Ulipoitwa pale kliniki kuulizwa maswali ya kazi ya kupokea wagonjwa, ulikaa mbele ya wale watu ukawaangalia tu. Mmoja alinipigia simu kuuliza kama una shida ya kusikia.

Halafu ukaenda Naivasha kufunga maua, kazi ambayo hakuna mtu anakuuliza swali. Mimi siidharau hiyo kazi, nimechuna chai maisha yangu yote. Lakini ile siku ulienda, sikuona mtu anayeifuata kazi. Niliona mtu anayekimbia kuulizwa.

Hayo unayajua. Sasa sikiliza ya Jumatatu.

Mdogo wako Moraa alikuwa amekaa pale mlangoni anasoma kitabu cha shule kwa sauti. Mimi nachagua mboga za chinsaga. Nikasikia. Mkono ukasimama wenyewe, nakuambia, kama zamani.

"Moraa. Umeanza na And."

"Si mimi, mathe. Ni kitabu."

"Kitabu cha shule hakiwezi."

Akanionyesha. Pale juu kabisa ya mstari, herufi kubwa. Mstari wa chini yake umeanza na But. Nikafikiri labda ni kitabu cha wale wanaochapisha vibaya wakiuza sokoni. Nikamwambia afunge. Akacheka. "Mathe, hiyo ni ya kitambo. Mwalimu anasema iko tu sawa. Ati ilibadilika."

"Ilibadilika lini?"

"Mimi nitajuaje? Nilikuta ikiwa imebadilika."

Nilikuta ikiwa imebadilika. Alisema hivyo akaendelea kusoma, kama mtu anayekuambia barabara imewekwa lami. Mimi nilibaki nimeshika mboga.

Sasa kuna jambo nilikuficha. Mwalimu yule aliyekuchukulia maiki alihamishiwa huku, ndiye mkuu wa shule ya Moraa. Nilinyamaza kwa sababu nilijua utaniambia nimtoe mtoto. Kesho yake nilivaa sweta yangu nzuri nikaenda. Nilimngoja nje ya ofisi, na alipotoka alinikaribisha vizuri, akaniita mama, akaniletea kiti. Amezeeka. Koti ni lile lile la kaki, au ndugu yake.

Nikamuuliza, "Mwalimu, ni kweli mtoto anaweza kuanza sentensi na And?"

Akafurahi. Nafikiri hajaulizwa jambo kama hilo na mzazi wa kuvaa mitumba na kula sukuma wiki. "Ndiyo, mama. Lugha iko hai. Inakua kama mtoto. Zamani tulikuwa wakali sana, lakini hata hao wenye lugha walikuwa wanaanza hivyo tangu zamani. Haikuwa sheria hasa. Ilikuwa njia ya kuwazuia watoto wasiunganishe maneno ovyo."

"Haikuwa sheria?"

"Si sheria hasa."

Akaendelea kunipa mengine, amenogewa. Kuna maneno kama shall, anasema, watoto walikuwa wanachapwa wakikosa kuyatumia, na siku hizi hata wenyewe hawayatumii, yamebaki kwa mahakama. Neno dogo la mwisho wa sentensi, lile ulilonifundisha, limeruhusiwa. Na siku hizi mtu mmoja ambaye hujui kama ni mwanamume au mwanamke, unaruhusiwa kumtaja kwa neno la watu wengi, they, usikosee. Hapo nikakumbuka jinsi ulivyochapwa ukiwa mdogo kwa kumtaja nyanya yako kwa neno la mwanamume, maana kwetu yeye ni yeye, awe babu awe nyanya. Tulipigwa kwa kutotofautisha, na sasa wanatafuta namna ya kutotofautisha. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Umesema kweli, mama," na akacheka kwa roho safi. Hiyo roho safi ndiyo iliyonichoma zaidi.

Nikamwambia, "Ulimkalisha mtoto wangu chini kwa hiyo And."

Akaniangalia. "Mtoto yupi?"

Nikamweleza. Hema, maiki, wageni, mimi na gambuti zangu. Alikunja uso akatafuta, akatafuta tena. Hakuna kitu. Kwamboka, hakumbuki. Ile siku ambayo wewe umeibeba mpaka Naivasha, yeye aliiacha pale pale chini ya hema akaenda kula pilau na wageni.

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimejiambia njiani kwamba sitapiga. Nikasema, "Mwalimu, kama sheria imebadilika, mbona hamkuita waliokosea kwa ile ya zamani? Mbona hamkupita nyumba kwa nyumba mkisema, wewe tulikuambia umekosea, hukuwa umekosea, rudi uendelee pale tulipokukatiza?"

Akasema, "Mama, na mimi nilichapwa kwa hiyo hiyo. Nilichapwa mpaka nikaisha kwa kuogopa."

"Najua," nikamwambia. "Naona. Halafu uliwekwa kuwa mwalimu, ukamngoja mtoto wangu."

Alisema pole. Nilichukua hiyo pole, siwezi kusema sikupewa. Lakini aliisema ofisini, mlango umefungwa. Wewe alikukalisha hadharani.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu nilikuwa na hasira ya kutembea. Na njiani, nikipita pale kwenye mashamba ya kampuni, nikasikia mashine za kuchuna chai. Mama Chebet ananiambia nisichanganye mambo, lakini mimi naona ni jambo moja.

Unakumbuka tulivyofundishwa kuchuna. Majani mawili na kichipukizi. Ukileta jani moja gumu, msimamizi anamwaga kikapu chako kwenye gunia mbele ya wenzako, analitafuta, analiinua juu watu walione kama amekamata mwizi. Nimemwagiwa mimi. Nimerudi mstarini na vidole vimekufa ganzi kwa baridi kuchagua upya. Nilikubali, kwa sababu waliniambia chai ni hiyo, na isiyo hiyo si chai. Halafu wakaleta mashine. Mashine haijui kuhesabu majani. Inakata kichipukizi, inakata jani gumu, inakata mpaka vijiti, yote yanaingia kwenye gunia moja, na jioni gari linabeba, na ni chai. Jani lile lile walilonimwagia. Hakuna aliyenifuata kuniambia, Mama Kwamboka, lile jani lako lilikuwa sawa. Walichoniambia ni nitoke kwenye nyumba ya kampuni kabla ya mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana sisikii utamu wa hilo neno lao la kukua. Inakua, sawa. Hata mimi nimeona vitu vikikua. Lakini sheria zao zikiwa ngumu, ugumu unatupata sisi kwanza. Zikilegea, ulegevu unatufikia mwisho, kama umefika, na tunausikia kutoka kwa mtoto aliyekaa mlangoni. Tumekaa miaka tukijua sisi ndio tuliokosea, kumbe wenyewe walikuwa bado wanaamua.

Sasa nakuja kwako, na hasira yangu usifikiri imeisha njiani. Kuna kidogo yako.

Chuo cha uuguzi kimekuita. Wewe mwenyewe uliniambia, kwa ile sauti ya kuniambia mvua imenyesha. Wanakutaka Kericho mjini Alhamisi ijayo, watu watatu mezani, watakuuliza maswali. Nikapiga magoti hapa na simu sikioni. Halafu ukasema, "Lakini siendi, Mama. Wataniuliza kwa Kiingereza na nitanyamaza. Unajua nitanyamaza." Na network ikapotea.

Kwamboka, wewe ndiye uliyekaa na nyanya yako, mama yangu uliyerithi jina lake, alipokuwa hawezi kugeuka kitandani. Ulikuwa msichana mdogo na ulimgeuza bila kumwumiza, ukiongea naye wakati wote, Kigusii, Kiswahili, na Kiingereza kidogo cha kumchekesha. Alikuwa anakuambia, "Sema ile ya kizungu tena, daktari." Ulikuwa unaisema tena. Hakuna aliyekuuliza umeanza na nini. Ile sauti iko wapi? Siamini imekufa. Nafikiri imekaa chini kwa sababu iliambiwa ikae, na ni mtoto mtiifu, inangoja kuambiwa iinuke.

Basi mimi nakuambia iinuke. Aliyeikalisha hana habari kwamba bado imekaa. Sheria aliyotumia kuikalisha imeshaondoka, na wewe umebaki kwenye kiti unailinda kama askari ambaye wenzake walirudi nyumbani bila kumwambia.

Ninaogopa pia, nisikudanganye. Naogopa wale watu watatu watakuwa na sheria nyingine mpya ambazo sisi bado hatujasikia. Naogopa mmoja atacheka. Nimeamka mara nyingi wiki hii kufikiria kama una viatu vya kufaa. Lakini akicheka, mwangalie tu, umalize ulichokuwa unasema. Kosea mpaka mwisho. Siku ile hawakukukataza kukosea, walikukataza kumaliza, na mimi mpaka leo sijui ulitaka kusema nini juu yetu. Our mothers, halafu? Wanawake wale wengine wameshatawanyika, mwingine alirudi Kisii, mwingine yuko Chepseon anauza viazi, na kila nikikutana na mmoja ananiuliza, "Yule mtoto, alitaka kutuambia nini?" Namwambia sijui. Hajamaliza.

Lile shada ninalo. Ulifikiri nililitupa. Nililikunja likakaa ndani ya sanduku la nguo, limepoteza nyuzi kidogo upande mmoja lakini bado linang'aa. Siku hiyo ya Alhamisi nitatoka Roret asubuhi, Mama Chebet amenipa ruhusa na atabaki na Moraa. Nitasimama nje ya lango la hicho chuo. Nitavaa viatu vya kawaida, gambuti nitaziacha.

Safari hii sitakimbia. Hata nikisikia watu wanacheka ndani, hata wakipiga makofi, nitabaki pale pale langoni na shada langu mkononi mpaka wewe mwenyewe utoke, unitafute kwa macho, na uniambie kwa lugha yoyote unayotaka kwamba umemaliza.

Ni mimi mama yako, ambaye nawe ni mama yake,
nakungoja langoni.